Mafunjo ya Dunga na Ndege Wake Wenye Haya

Mgeni akifika Kisumu huelekezwa mambo mawili: ale samaki mzima kando ya ziwa, na jioni aende kutazama jua likizama. Yote mawili yanafaa, nami siwezi kumkataza mtu. Lakini anayeyamaliza hayo akapanda gari kurudi Nairobi ameliacha jambo la tatu, lisilopatikana Nairobi wala Mombasa, wala katika mbuga zile zinazopamba kalenda za ofisini. Kusini mwa jiji, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka katikati, yapo mafunjo ya Dunga. Ndani yake wanaishi ndege ambao makao yao ni mafunjo tu. Ukiyafyeka, hawahamii kwenye miti ya jirani, wanatoweka.

Njia yenyewe haina shida. Unatoka mjini, unaipita hifadhi ya swala pala, unaelekea upande wa Hippo Point, kisha barabara inateremka hadi ufukweni. Dunga ni ufuo wa kazi. Mitumbwi imepangwa ikiwa na majina ya watakatifu na ya timu za mpira, nyavu zimetandazwa, omena zimeanikwa, na moshi wa mafuta ya kukaangia unakupokea kabla hujashuka kwenye pikipiki. Pembeni viti, vikapu na mikeka iliyosukwa kwa mafunjo na kwa magugu maji inangoja wateja. Yangeyange wanatembea katikati ya watu bila wasiwasi, fundichuma anachokora tope karibu na miguu ya wapara samaki, na mdiria wa madoadoa meusi na meupe anaelea hewani juu ya maji kabla ya kujitupa. Mwenye kamera anaweza kupiga picha nzuri hapa hapa, bila hata kuuliza bei ya mtumbwi.

Ndege hao, hata hivyo, ni wenyeji wa mji. Waliomleta mpenzi wa ndege Dunga wako upande wa pili, pale nyumba zinapokoma na ukuta wa kijani unapoanza.

Funjo ni mmea wa ajabu ukilitazama kwa karibu. Bua lake lina pembe tatu, ni laini, halina jani hata moja, na juu kabisa limebeba kishungi cha nyuzi nyembamba za kijani. Hufika mita 4 au 5, kwa hiyo mtu mrefu akiingia anapotea mara moja. Mizizi yake hufumana ikawa zulia nene linaloelea juu ya maji, na upepo ukizidi, kipande huweza kukatika na kuondoka kikawa kisiwa kinachotembea ziwani. Ndani ya msitu huo wa mabua jua halifiki chini sawasawa, na jicho haliendi mbali. Kiumbe anayeishi humo hana haja kubwa ya kuonekana, hata na mwenzake. Mambo yake yote, kuanzia mipaka ya shamba lake hadi ndoa yake, anayaendesha kwa sauti.

Ndiyo maana wataalamu wenyewe walichelewa kuwafahamu. Furukombe, anayekaa juu ya mti mkavu na kupiga kelele kila mtu amwone, alielezwa kisayansi mwaka 1800. Gonoleki wa mafunjo alisubiri hadi 1911. Chiriku wa mafunjo, ndege mdogo wa manjano anayekula mbegu, hakuingia katika vitabu hadi 1952, wakati reli ilikuwa imekwisha fika Kisumu tangu 1901 na meli zimezoea kuvuka ziwa. Watu walikuwa wakipita kando yake miaka yote hiyo.

Wanaotafutwa zaidi Dunga ni watano. Wa kwanza ni huyo gonoleki: mgongo mweusi tititi, kifua chekundu cha moto, utosi wa manjano iliyofifia na mstari mweupe kwenye bawa. Wa pili ni chiriku, anayependa kukaa juu kwenye vishungi, kwa hiyo ndiye mwenye huruma kwa mpiga picha. Wa tatu ni ndege mwembamba wa manjano mwenye mdomo mrefu mwembamba, anayepanda na kushuka kwenye mabua akiokota wadudu. Huyu hana makelele, na wengi huondoka Dunga bila kumwona. Wa nne ni mweusimweusi mwenye michirizi kifuani na weupe begani. Huyu hutambulika kwa wimbo wake: milio inaanza polepole, inafuatana kwa kasi zaidi na zaidi kama mpira uliodondoka ukidundadunda hadi kutulia, kisha unasikia mabawa yakipigwa. Wa tano ni sistikola wa Carruthers, mdogo, wa kahawia, mwenye utosi mwekundu wa kutu, aliyepewa jina la Mwingereza Douglas Carruthers, mmoja wa msafara uliokusanya ndege milima ya Ruwenzori mwaka 1905 na 1906. Ndugu yake anayefanana naye sana huishi kingoni, kwenye nyasi na matete. Yeye hubaki ndani.

Ili kuwapata hao, ni lazima uwe umefika njiani kabla jua halijachomoza, pamoja na mwongozaji wa hapo hapo. Nimetembea na waongozaji wa Dunga zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona kazi yao inavyofanyika kwa masikio. Mwongozaji hakimbilii darubini. Anatembea mbele kwenye njia nyembamba iliyoachwa na wakataji wa mafunjo, gambuti zikinyonywa na tope, kisha anasimama ghafla na kuinua kidole kimoja.

"Tulia hapo, bosi. Bwana ameita, mke hajajibu."

Gonoleki huimba kwa kupokezana. Dume hutoa mlio wa filimbi, mzito na wa wazi, na jike hujibu papo hapo kwa sauti kavu ya kukwaruza, hivi kwamba asiyejua hudhani ni ndege mmoja. Ukijua ni wawili, unaanza kuwapima: huyu yuko kushoto, yule yuko mbele kidogo, na wakijibizana tena unaona wanakaribiana au wanaachana.

"Wako mbali?" nikamnong'oneza.

"Hapana, wako hapa tu. Wacha wamalize mazungumzo yao, watatoka wenyewe."

Tukangoja. Mafunjo yalikuwa yametulia kabisa, upepo haujaamka. Kisha bua moja, moja tu kati ya yote, likatikisika. Mwongozaji hakusema kitu, alinigusa mkono. Bua la pili likainama kidogo, chini ya usawa wa kiuno, na kati ya mabua mawili kukatokea kipande cha wekundu. Kilipotea, kikatokea tena juu zaidi. Ndege akapanda kwa miruko mifupi hadi pale mwanga ulipoingia, akageuza kichwa, tukaona utosi wa manjano na jicho jeupe-jeupe linalotukagua. Akafungua mdomo, koo likatetemeka, mlio ukatoka. Jike akajibu nyuma yetu. Dume akadondoka ndani ya kijani, na bua likaendelea kuyumba peke yake.

Nafasi ya namna hiyo ni ya sekunde chache, kwa hiyo mambo ya kamera yawe yamekwisha amuliwa mapema. Lenzi ya milimita 400 inatosha, kwa kuwa ndege mara nyingi huwa karibu. Tatizo huwa vizuizi, na umbali hausumbui sana. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe mahali pa kulenga, italenga bua lililo mbele kila mara, kwa sababu ndilo lenye ukingo mkali. Tumia nukta moja ndogo ya fokasi, na uwe tayari kumalizia kwa mkono kwa kuzungusha pete ya lenzi. Kabla ndege hajatokea, lenga bua unaloliona likitikisika, ili asilimia kubwa ya kazi iwe imefanyika. Kasi ya shata isishuke sana, maana ndege huyu hatulii. Afadhali upandishe ISO na picha iwe na chembechembe kuliko iwe safi na yenye ukungu.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui hadi wafike nyumbani. Kamera ikiona mgongo mweusi na kivuli cha mafunjo, huamini kwamba mahali ni giza, ikaongeza mwanga. Kifua chekundu kinaungua: wekundu unakuwa bapa, bila unyoya hata mmoja unaoonekana. Punguza mwanga kidogo kwa makusudi, uchunguze grafu ya rangi nyekundu peke yake, na weusi wa mgongo utaurudisha baadaye kwenye kompyuta. Kilichoungua hakirudi.

Jambo la jua nalo lina hesabu yake Dunga. Ziwa liko upande wa magharibi, ndiyo sababu machweo yake yanasifiwa. Asubuhi, basi, jua linatokea nchi kavu. Aliyekimbilia mtumbwi saa moja asubuhi anayatazama mafunjo huku jua likimpiga usoni, na picha zake zinakuwa vivuli vitupu. Aliye kwenye njia ya nchi kavu saa hiyo hiyo ana jua mgongoni na ndege waliong'aa mbele yake. Kwa hiyo anza kwa miguu. Mtumbwi ufuate baadaye asubuhi, jua likiwa limepanda, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu. Alasiri mwanga huwa mzuri kuliko wakati wote kwa mtu aliye majini, lakini hapo ndipo mawimbi na mvua za radi huja, na mwamuzi wa safari awe mwenye mtumbwi. Akisema leo hapana, ni hapana. Vaa jaketi la kuelea hata kama unajua kuogelea, na viboko wakionekana, umbali utakaowekwa na mpiga kasia usiupunguze kwa ajili ya picha.

Safari ya mtumbwi ina starehe yake. Ukingo wa mafunjo unapokutana na magugu maji, wale wenye haya kiasi hutoka kula. Kiluwiri mweusi, mwenye mdomo wa manjano na miguu myekundu, huchungulia mara mbili tatu, halafu akiona mtumbwi umekaa kimya hutembea waziwazi akipekua majani. Sile-maua hupita juu ya magugu kwa vidole vyake virefu bila kuzama. Kulastara husimama palepale hadi ukadhani ni kijiti, kisha anaruka na kugeuka mweupe wote. Hapa kanuni ni kushuka chini. Kaa kwenye sakafu ya mtumbwi, uweke lenzi karibu na ukingo, macho yako na ya ndege yawe sawa. Picha iliyopigwa kwa kusimama inamwonyesha ndege mgongo. Iliyopigwa kutoka chini inamwonyesha mwenyewe, na nyuma yake mafunjo yote yanalainika kuwa kijani kimoja. Tripodi iache hotelini, maana mtumbwi huitikisa kuliko mikono yako.

Kuna jambo moja ninalolisema waziwazi kwa sababu limekuwa mazoea. Wapo wanaobeba sauti ya gonoleki kwenye simu, wanaipiga kwa spika mbele ya mafunjo hadi ndege atoke. Hutoka, ni kweli. Hutoka kwa sababu anaamini mgeni amevamia shamba lake, akaacha kulisha au kuatamia ili aje kupigana na adui ambaye hayupo. Afanyapo hivyo mtu mmoja, madhara ni madogo. Lakini Dunga iko kando ya jiji, wageni wanafuatana, na jozi ile ile iliyo karibu na njia ndiyo inayosumbuliwa kila siku. Waongozaji wazuri hukataa, na mteja mzuri hasisitizi. Vivyo hivyo kuhusu kukata au kuinamisha mabua ili kiota kionekane: ulichokifungua kwa ajili ya kamera umekifungulia pia mwewe na nyoka.

Sifa ya Dunga ninayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba haikuzungushiwa ua. Mafunjo haya yanakatwa, na yamekatwa tangu zamani, kwa mikeka, kwa viti, kwa kuezeka. Yakikatwa kwa kiasi na kwa zamu huota tena, na njia za wakataji ndizo anazopitia mpenzi wa ndege. Wavuvi nao wanayategemea kuliko anavyodhani mla samaki aliyeketi mezani. Ndani ya mafunjo maji yana oksijeni haba. Mbuta, samaki mkubwa aliyeletwa ziwani katika karne iliyopita akawamaliza wadogo wengi, hastahimili hali hiyo. Kamongo anastahimili, maana hupumua hewa. Mumi naye vilevile, pamoja na samaki wengi wadogo. Kwa hiyo mafunjo ni maficho ambamo samaki wa asili ya ziwa hujificha na kukua. Tena yanachuja matope na uchafu unaoshuka na mito na mitaro kabla haujafika ziwani, kazi ambayo jiji lingelipia fedha nyingi kama ingefanywa na mitambo.

Pamoja na faida zote hizo, ukuta wa kijani umekuwa ukirudi nyuma. Kiangazi maji yakishuka, moto huwashwa ili kufungua viwanja vya mboga, na kilichofunguliwa mwaka huu hulimwa mwaka ujao pia. Nyumba zinasogea. Ziwa nalo lina maamuzi yake: mwaka 2020 maji yalipanda hadi kuivuka rekodi ya 1964, yakaingia majumbani na mashambani kwenye fukwe nyingi, na watu wakakumbushwa kwamba ardhi ile ilikuwa ya ziwa kabla haijawa yao. Kenya ina vinamasi vingine vya mafunjo kando ya ziwa hili: Koguta, Kusa, Sio Port, na Yala ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote. Vyote hivyo, pamoja na Dunga, vimeorodheshwa kuwa maeneo muhimu ya ndege kimataifa. Kuorodheshwa peke yake hakuzuii jembe.

Kinachozuia, kwa kadiri nilivyoona, ni hesabu ya nyumbani. Kijana wa Dunga anayelipwa kwa kumwonyesha mgeni gonoleki anajua thamani ya kipande cha mafunjo ambacho jirani yake anataka kukichoma, na anayo sababu ya kwenda kuzungumza naye. Mama anayesuka vikapu anajua ni wapi pamekatwa mno. Hao ndio walinzi, na mshahara wao unatoka mfukoni mwa msafiri.

Ukienda, basi, nenda hivi. Lala Kisumu au Dunga kwenyewe, ili alfajiri usianze kutafuta usafiri. Tafuta mwongozaji wa ufukweni jioni iliyotangulia, mkubaliane bei na saa, na umwambie mapema kwamba unataka kutembea kwanza na mtumbwi baadaye. Vaa gambuti na nguo za rangi iliyofifia, zima milio yote ya kamera, weka simu kimya. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, tope huwa zito lakini ndege huimba zaidi. Kuanzia Oktoba hadi Aprili utakutana pia na wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Mlipe mwongozaji vizuri, mpatie na picha chache azitumie kujitangaza. Kabla ya kuondoka nunua kikapu, na ule samaki wako hapo hapo.

Na usipompata gonoleki siku ya kwanza, usimlaumu mwongozaji wala usimwombe awashe simu. Lipa, lala, rudi alfajiri. Mbugani utamwona simba ukiwa ndani ya gari lenye watu wanane wanaozungumza. Gonoleki wa Dunga anakudai ukimya na subira, na kwa kipimo changu, picha yake moja iliyopatikana kwa haki ina thamani kuliko albamu nzima ya simba waliolala.